Ada ya kukalia chaja: ni haki au ni uonevu?



Siku hizi katika nyumba zetu za Muscat, Dubai na Sharjah haipiti wiki bila ya mtu kulalamikia gari la umeme. Mmoja atataja bei, mwengine joto, mwengine uchache wa vituo. Lakini linalopandisha sauti zaidi ni ile ada anayotozwa mtu ambaye gari lake limeshajaa umeme na bado limekaa pale pale kwenye chaja. Mimi naiita ada ya kukalia chaja. Hainunui umeme hata chembe; unalipia dakika tu.

Nyumbani kwetu ada hii imezua ugomvi. Binti yangu anaiita wizi. Mumewe anaiita adabu. Nami nimeombwa niamue, kwa kuwa ni mzee na kwa kuwa nilifanya ukarani wa mizigo ya bandari kwa miaka 36, kwanza Mombasa kisha Matrah. Mwalimu wetu wa hesabu katika skuli ya misheni hakutoa maksi kwa jibu lisiloonyesha njia. Kwa hivyo nitaonyesha njia yangu, kisha msomaji aamue mwenyewe kama jibu ni sahihi.

Naanza na khabari ambayo mkwe wangu haisahau, wala mimi.

Baridi ya mwaka juzi nilikuwa Dubai kwa binti yangu. Baada ya alfajiri tukapigiwa simu kwamba kaka yangu mkubwa amefariki Muscat na maziko yatakuwa baada ya alasiri. Mkwe wangu akasema, "Baba, twende na gari langu, tutafika." Hatukuwa tumejitayarisha kwa safari, kwa hiyo betri ilikuwa na asilimia 60 tu. Tukaondoka saa 3 na nusu asubuhi, tukapita mpakani, na upande wa Oman tukasimama kituoni tuchaji kidogo. Kituo kilikuwa na chaja 2 za kasi. Zote zilikuwa na magari, na skrini za zote zilionyesha asilimia 100. Madereva hawakuwepo.

Mkwe wangu aliingia mkahawani, akauliza meza kwa meza. Akaenda dukani na msikitini. Hakuna aliyejitokeza. Waya huwa umefungwa ndani ya gari, hauwezi kuutoa mpaka mwenyewe aufungue. Tulikaa dakika 55. Hatimaye alikuja bwana mmoja na mifuko yake, akatuomba radhi, akasema alikuwa anakula na wageni wake na hakujua kama kuna mtu anangoja. Ninaamini hakujua. Kituo kile hakikuwa na ada yoyote ya kukalia chaja, na simu yake haikumwambia lolote.

Tulifika makaburini Al Amerat watu wanarudi. Kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji.

Sikuandika haya ili nimlaani yule bwana. Nimeyaandika kwa sababu watu wengi wakisikia "dakika chache tu" wanadhani dakika zile ni zao. Zilikuwa zangu.

Sasa tuangalie chaja yenyewe inavyofanya kazi, maana bila ya kuijua hatuwezi kusema lipi haki na lipi si haki.

Chaja za hadharani ni za namna 2. Kuna za taratibu, zinazotoa baina ya kilowati 7 na 22. Hizi utazikuta kwenye maegesho ya hoteli, ofisi na maduka. Gari lenye betri ya kilowati-saa 60 likichajiwa kwa kilowati 7 litahitaji kiasi cha saa 9 kujaa kutoka tupu. Halafu kuna za kasi, kuanzia kilowati 50 kwenda juu, ambazo huwekwa njiani na katika vituo vya petroli. Gari hilo hilo kwenye chaja ya kilowati 50 litatoka asilimia 20 kufika 80 kwa muda wa dakika 45 hivi.

Baada ya asilimia 80 mambo hubadilika. Gari lenyewe hupunguza kasi ya kupokea umeme ili kuilinda betri, kama mtu anayejaza chupa ya mdomo mwembamba na kupunguza maji anapokaribia juu. Ile asilimia 20 ya mwisho inaweza kuchukua muda unaokaribia ule wa asilimia 60 zilizotangulia. Na joto letu la kiangazi huongeza shida, kwa sababu betri ikipata moto sana gari hupunguza tena kasi.

Hebu tupige hesabu ya ukarani. Chukua chaja 1 ya kasi, ifanye kazi saa 12 kwa siku, yaani dakika 720. Kila gari likichukua dakika 40 na kuondoka, chaja itahudumia magari 18. Kila gari likikaa dakika 20 zaidi baada ya kumaliza, yatahudumiwa magari 12. Umeme upo, mashine ni nzima, na hakuna aliyevunja sheria. Lakini familia 6 zimekosa chaja siku ile. Kuongeza chaja nyengine ni jambo zuri, lakini ni ghali, na ukiziongeza bila ya kubadili tabia utakuwa umenunua maegesho ya bei kubwa.

Ada hii haikuanzia kwetu. Kampuni ya Tesla ya Marekani iliitangaza Desemba 2016, baada ya wateja kulalamika kwamba magari yaliyojaa yanaziba vituo. Mwanzo ilikuwa senti 40 za dola kwa dakika, na aliyeondoa gari ndani ya dakika 5 alisamehewa. Kampuni ilisema wazi kwamba haitarajii kupata faida kwa ada hiyo. Baadaye ikaibadili: kwa Marekani, senti 50 kwa dakika ikiwa nusu ya kituo au zaidi imejaa, na dola 1 kwa dakika ikiwa kituo chote kimejaa. Kituo kikiwa kitupu zaidi ya nusu, hutozwi. Naomba msomaji aikumbuke nukta hii, nitairudia.

Ulaya wameiingiza katika sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Aprili 2024 inataka bei ya chaja za kasi ihesabiwe kwa kilowati-saa, lakini inaruhusu kuongeza ada ya dakika ili kuzuia mtu kukalia nafasi kwa muda mrefu. Na Januari mwaka huo huo mahakama ya mji wa Karlsruhe, Ujerumani, ilikataa madai ya mteja aliyetaka kurejeshewa ada ya senti 10 za yuro kwa dakika iliyoanza kuhesabiwa baada ya saa 4.

Hapa Ghuba tumeanza upande mwengine. Mamlaka ya Umeme na Maji ya Dubai ilianzisha mpango wake wa chaja za hadharani mwaka 2014, na kwa miaka kadhaa, mpaka mwisho wa 2021, wenye magari binafsi waliojiandikisha walichaji bure. Ilikuwa njia ya kuwavuta watu, na walivutika. Lakini kitu cha bure kina tabia yake: mtu hakihesabii muda. Sasa umeme huo unauzwa. Kampuni ya UAEV ilianza Januari 2025 kutoza dirham 1.20 kwa kilowati-saa kwenye chaja za kasi na fils 70 kwenye za taratibu, kabla ya kodi. Baada ya bei ya umeme kujulikana, swali linalobaki ni bei ya muda.

Hapa ndipo ukarani wangu unaponisaidia. Nilianza kazi Mombasa mwaka 1974, katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na jambo lililojaza meza yangu kuliko yote ni demareji. Wasomaji wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana: mzigo wako ukishashushwa unapewa siku chache za kuutoa bila ya malipo. Zikipita, unalipa kwa kila siku mzigo unapokaa, na kadiri unavyochelewa ndivyo kiwango kinavyopanda. Watu waliichukia demareji kama wanavyoichukia ada ya chaja leo. "Mzigo wangu, nimeulipia ushuru, nalipa tena kwa kuuacha chini?" Nilikuwa nikiwajibu kwamba hawalipii mzigo, wanalipia nafasi ambayo mzigo wa mtu mwengine ungeshukia.

Lakini demareji ya haki ilikuwa na masharti, na mimi nililipwa mshahara kuyasimamia. La kwanza, mwenye mzigo apelekewe notisi kwamba meli imefika. La pili, siku za bure zitoshe mtu kukamilisha makaratasi. La tatu, siku ambazo bandari yenyewe ndiyo iliyochelewesha, kwa mgomo au winchi mbovu, zisihesabiwe. Nimeandika barua nyingi za kudai hilo la tatu, Mombasa na baadaye Matrah. Nyengine zilifanikiwa.

Sasa nieleze ile ada iliyozua ugomvi, ambayo mkosaji ni mimi.

Mwezi wa Agosti nilikuwa tena Dubai. Usiku mmoja nikachukua gari la mkwe wangu, nikampeleka mke wangu na wajukuu 2 wakale katika duka kubwa la biashara. Nikachomeka waya kwenye chaja ya kasi ghorofa ya chini, tukapanda ghorofa ya 3. Mke wangu ana maumivu ya magoti na mwendo wetu ni wa pole. Tuliporudi gari lilikuwa limejaa zamani. Nikachomoa, nikaondoka, sikujua kitu. Asubuhi yake binti yangu akaja na simu ya mumewe mkononi: "Baba, hizi dirham 34 ni za nini?" Dakika 34 za kukalia chaja, dirham 1 kila dakika, baada ya msamaha wa dakika 5.

Nikafanya nilichozoea, nikachukua kalamu. Niliandika kwamba notisi ilitumwa kwenye simu ya mkwe wangu, ambaye alikuwa kazini zamu ya usiku, na mimi niliyekuwa na gari sikuambiwa neno. Niliandika kwamba kituo kina chaja 6 na tulipofika na tulipoondoka yalikuwepo magari 2 tu pamoja na letu, kwa hivyo hakuna niliyemzuia. Niliandika kwamba dakika 5 hazimtoshi mtu wa miaka 70 na zaidi kutoka ghorofa ya 3 mpaka chini. Jibu lilikuja siku ya tatu, sentensi 2: masharti yameandikwa kituoni, ada haitarejeshwa.

Na kweli yalikuwa yameandikwa. Sitaki kuwaficha wasomaji: kibao nilikiona. Nilisoma "dakika 5", nikajiambia kwamba hayo ni ya watu wasio na adabu, nikapanda juu. Yule bwana wa njiani naye huenda alijiambia hivyo hivyo.

Binti yangu akanikumbatia akasema, "Umeona, baba? Wezi." Mumewe akanyamaza, lakini nilijua anafikiri juu ya dakika 55 na lile kaburi. Wote wawili wana hoja. Nitazipima.

Wanaotetea ada husema hakuna mtu anayeacha gari lake mbele ya pampu ya petroli na kwenda kula. Ni kweli, lakini mfano huu haujakamilika. Petroli inamaliza kwa dakika 5 na wewe umesimama pale pale. Chaja inachukua dakika 40, na wenye vituo wenyewe wanaziweka karibu na maduka na mikahawa ili uende ukanunue. Huwezi kumwalika mtu aende mbali kisha umtoze kwa kuwa mbali. Ukimwalika, mpe muda wa kurudi.

Wanaopinga husema wameshalipia umeme, inatosha. Hoja hii ndiyo niliyoisikia dirishani kwangu miaka 36. Umelipia umeme, hukulipia nafasi. Ukiendelea kuishika, kuna mtu anayelipa kwa niaba yako, naye hajui jina lako wala huna njia ya kumrudishia.

Kuna hoja ya tatu ambayo ni yetu watu wa Ghuba, na walioandika masharti katika nchi za baridi hawakuifikiria. Kiangazi, kina mama wenye watoto wachanga hukaa ndani ya gari, waya umechomekwa, ili kipoza hewa kifanye kazi bila ya kula betri. Ukiwaona utasema wanaziba njia. Lakini nje ni digrii 45. Kwa hawa dawa si ada, ni kivuli na chumba cha kungojea chenye hewa baridi. Kituo kisichokuwa na mahali pa kukaa hakina uso wa kumdai mtu dakika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: ada ya kukalia chaja ni haki, iwapo imefungwa kwa masharti kama demareji ilivyofungwa.

Kwanza, itozwe pale kuna upungufu. Kituo kikiwa kitupu zaidi ya nusu, ada haina kazi, inakuwa faini ya kukomoa. Mashine inajua ni chaja ngapi zimeshikwa, kwa hivyo hakuna udhuru.

Pili, notisi imfikie mwenye kuendesha. Ujumbe uje mapema, si gari likishajaa, na programu ikubali namba ya pili ya simu. Wengi wetu tunatumia magari ya watoto wetu.

Tatu, muda wa msamaha uendane na mahali. Njiani kwenye barabara kuu dakika 10 zinatosha. Katika duka la ghorofa 4, ziwe 15 au zaidi.

Nne, kwenye chaja za taratibu usiku isitozwe kabisa. Mtu asiamshwe saa 9 za usiku kwenda kuhamisha gari.

Tano, dakika zilizopotea kwa kosa la kituo, kama waya kunasa au malipo kukwama, zisihesabiwe.

Sita, iwe na kikomo. Mtu aliyekimbizwa hospitali na gari lake likabaki asirudi akute deni la mamia.

Nasi wenye magari tuna yetu ya kufanya. Ukiwa na shughuli ya saa 2, tumia chaja ya taratibu na uwaachie wasafiri ile ya kasi. Ukiwa njiani, asilimia 80 ikikufikisha uendako, ondoka. Usikae kungojea 100. Ukienda kusali au kula, tia saa ya kukuamsha kwenye simu yako mwenyewe, dakika 10 kabla ya muda wa gari kujaa. Ukimwazima mtu gari, mwambie kuhusu ada kama unavyomwambia kuhusu breki. Na pale pasipokuwa na ada yoyote, acha namba yako ya simu kwenye kioo cha mbele. Ingekuwepo namba siku ile, mkwe wangu angempigia yule bwana, naye, kwa nilivyomwona, angekuja mbio.

Dirham 34 nilimlipa mkwe wangu kutoka katika pensheni yangu, ingawa alikataa mara 2. Barua ya pili ya kudai nimeshaiandika na nimeituma, si kwa ajili ya fedha, bali kwa yale masharti ya notisi na ya kituo kitupu. Binti yangu anasema napoteza muda. Mkwe wangu ameisoma akaniomba niongeze jambo moja: kwamba kile kituo chenye chaja 2 kilicho baada ya mpaka nacho kiwekewe ada.

Nimeongeza.

Wasalaam.